Mtambo wa umeme wa lita 30 wa kupikia bia nyumbani: tathmini baada ya mapishi matano mjini Tanga

Mtambo ninaoutathmini hapa ni sufuria ndefu ya umeme, ya chuma kisichoshika kutu, yenye ujazo wa lita 30. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupika bia nyumbani kuanzia punje za kimea cha shayiri, badala ya kuanza na ile asali nzito ya kimea inayouzwa katika makopo. Nilianza kuutumia mwezi Novemba, kaskazi ilipokuwa imekwisha kushika, na kufikia Mei hii nimepika ndani yake mara tano, kila mara lita 19 au karibu na hapo, katika ua wa nyumba yangu hapa Chumbageni. Jina la mtengenezaji silitaji kwa sababu halimsaidii msomaji: mitambo ya namna hii hufanana mno, na mara nyingi chombo kilekile huuzwa kwa majina kadhaa, tofauti ikiwa ni rangi ya vitufe na bei.

Seti niliyoinunua ilikuwa na mtambo wenyewe wenye nguvu ya wati 2,500, kikapu cha ndani chenye matundu kwenye kitako, pampu ndogo ya kuzungushia maji, koili ya kupozea, ndoo ya kuchachushia yenye kizibo cha kutolea hewa, haidromita (kipimo kinachoelea, cha kujulia sukari iliyomo katika maji ya kimea), mfuko wa kilo 4.5 za kimea kilichokwisha kusagwa, gramu 60 za hopsi na pakiti moja ya hamira ya Kiingereza. Pamoja na usafiri na ushuru wa forodha, nilitumia karibu shilingi milioni 1.4 hadi boksi lilipofika mlangoni. Kwa fedha hizo mtu hununua kreti nyingi za bia baridi, kwa hiyo asiingie katika shughuli hii kwa nia ya kubana matumizi. Nieleze pia kwamba ninapika kwa ajili ya meza yangu na wageni wachache. Anayefikiria kuuza aanze na leseni na ushuru, wala asianze na sufuria.

Nitangulize hukumu yangu ili asiye na muda asihangaike kufika mwisho. Mtambo huu unafanya vizuri sana kazi ambayo kwetu tayari ilikuwa nyepesi, kisha unamwacha mnunuzi wa Tanga peke yake mbele ya kazi iliyo ngumu. Umebuniwa kwa ajili ya nchi ambako moto ndio ghali na baridi hupatikana bure kwa kufungua bomba. Hapa mambo ni kinyume.

Kwa nini nasema kazi yake ya kwanza ni nyepesi? Aliyekulia katika nyumba ya kupika togwa anaijua tangu utotoni, hata kama hakuwahi kuipa jina. Uji mzito wa mahindi huepuliwa, huachwa upoe kiasi, kisha hutiwa unga wa kimea cha mtama au cha ulezi. Baada ya muda uji ule hulainika na kuwa mtamu bila mtu yeyote kutia sukari. Ndani ya punje iliyooteshwa na kukaushwa mna vimeng'enya ambavyo hukata wanga na kuufanya sukari, na bia ya shayiri haina siri nyingine katika hatua hiyo. Tofauti ni ukali wa vipimo. Amilesi beta, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, ambayo hutoa sukari inayoliwa yote na hamira, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 za Selsiasi na huharibika upesi joto likipita 70. Amilesi alfa hustahimili joto la juu zaidi kidogo, lakini huacha vipande vya wanga ambavyo hamira ya kawaida haiviwezi. Kwa hiyo anayeloweka kimea chake kwa nyuzi 64 hupata bia kavu na nyepesi mdomoni, na anayeloweka kwa nyuzi 68 hupata bia nzito na yenye utamu uliobaki. Bibi yangu wa Muheza alipima kwa kidole, na togwa yake haikuwahi kukataa, lakini togwa husamehe nyuzi tano huku na huku kwa namna ambayo bia haisamehi.

Hapo ndipo mtambo unapostahili sifa. Unaweka namba 67 kwenye kioo, unamimina maji lita 27, unaondoka, na baada ya dakika 40 hivi unakuta maji yamefika. Ukishatia kimea, kipashio hujiwasha na kujizima chenyewe kwa saa nzima, huku pampu ikichota maji chini na kuyarudisha juu ili joto lienee. Dosari ni kwamba kipimajoto chake kimekaa chini kabisa, karibu na kipashio, na mara ya kwanza nilipozamisha kipimajoto changu katikati ya kimea nilikuta nyuzi 63 wakati kioo kikinionyesha 67. Pampu ikizungushwa polepole tofauti hiyo hupungua hadi nyuzi 1, lakini asiyejua ataloweka kimea chake katika joto asilolikusudia na kumlaumu mkulima wa shayiri. Kwa uhakika zaidi, nunua iodini katika duka la dawa: tone moja juu ya kijiko cha maji ya kimea katika sahani nyeupe litageuka buluu iliyokaribia weusi ikiwa wanga bado upo, na litabaki na rangi yake ya kahawia ikiwa wanga umekwisha.

Kimea kilichokuja na seti ndicho kilichonikasirisha zaidi. Punje zikishavunjwa hazipendi kukaa, na hizi zilikaa ndani ya kontena, kisha bandarini, kisha ghalani, katika unyevu wa pwani ambao hata chumvi huushindwa. Nilipofungua mfuko nilisikia harufu ya gunia kuukuu. Nilipika hivyohivyo, na haidromita ikasimama kwenye 1.038, ilhali karatasi ya maelekezo iliahidi 1.048, kwa maneno mengine, nilipata zaidi kidogo ya nusu ya sukari iliyokuwa ndani ya kimea. Yeyote anayenunua seti ya aina hii kutoka mbali namshauri aombe punje nzima, hata kama kwa kufanya hivyo atajitwika tatizo jingine, nalo ni la kusaga.

Kusaga kumenifundisha adabu. Kwa mapishi ya pili niliagiza kilo 5 za punje nzima, na kwa kuwa mtaa wetu una mashine nzuri ya kusaga nafaka, nikabeba ndoo yangu kichwa juu. Kijana wa mashine aliishika punje, akaitafuna, akaniuliza, "Mzee, hii unataka sembe au dona?" Nilimjibu kwamba nataka zivunjike tu, na yeye, kwa uaminifu kabisa, akafanya kile ambacho mashine ya nyundo inaweza kufanya: akanirudishia unga. Unga ule ulipoingia ndani ya kikapu uligeuka uji mzito, maji yakakataa kupita, pampu ikameza tope na kukwama, na kilichofika chini kikaganda juu ya kipashio na kuungua. Mtambo ulijizima wenyewe. Nilidhani umekufa, hadi nilipougeuza siku ya pili na kuona kitufe chekundu chini ya kitako, ambacho hujichomoa sehemu ya chini inapopata joto kupita kiasi. Kitufe hicho hakikutajwa popote katika maelekezo. Bia ya siku ile ilikuwa na ladha ya ukoko, nami niliimwaga.

Punje ya bia inatakiwa ipasuke vipande vitatu au vinne, huku ganda lake likibaki zima, kwa sababu ganda ndilo linalojenga chujio ndani ya kikapu. Nilichopata hatimaye ni kinu cha mkono cha chuma, kile cha kusagia karanga na mahindi mabichi, ambacho skrubu yake hulegezwa mpaka mawe yaachane karibu milimita moja. Kilo 4.5 hunichukua dakika 40 na jasho la kutosha. Ukilowanisha punje kwa maji kidogo sana, kama vijiko vinne kwa kilo, na kuziacha dakika kumi kabla ya kusaga, maganda hulainika na hayakatikikatiki. Tangu hapo kipimo changu hakijashuka chini ya 1.046.

Kimea kikishalowekwa saa moja, kikapu huinuliwa na kutundikwa kwenye ukingo wa sufuria ili maji matamu yachuruzike, kisha humiminiwa maji ya moto ya nyuzi 76 hivi kuosha sukari iliyobaki. Mpishi yeyote wa pwani anaielewa hatua hii bila mwalimu: ni tui la kwanza na tui la pili. Kasimile hutoka lenyewe, zito, na tui la pili hutaka maji na subira. Na kama ilivyo kwa nazi, ukizidisha kukamua utapata maji mengi yasiyo na maana, tena kwa kimea utapata na ukakasi wa maganda. Machicha yake, kwa kuwa bado hayajaguswa na hamira na hayana kileo chochote, humfaa jirani yangu mfuga ng'ombe, ambaye kinywaji chenyewe hakimhusu lakini siku hizi huniuliza nitapika lini.

Uchemshaji ndio uliofichua udhaifu wa umeme wetu kuliko wa mtambo. Maji matamu yanatakiwa yachemke kwa nguvu dakika 60, ili protini zigande na kushuka, harufu ya kabichi inayoletwa na kimea cheupe ipae na mvuke, na uchungu wa hopsi utoke. Hopsi, kwa asiyezijua, ni maua ya mmea unaotambaa, unaopenda siku ndefu za majira ya joto za nchi zilizo mbali na ikweta, na kazi yake katika bia inafanana na ile ya gome la msesewe katika mbege ya Wachaga. Zikitiwa mwanzoni hutoa uchungu. Zikitiwa dakika tano za mwisho hutoa harufu. Mchana mtambo huchemsha vizuri. Jioni, watu wote wanaporudi nyumbani na kuwasha vifaa vyao, niliwahi kupima volti 200 badala ya 230 kwenye soketi yangu, na kwa kuwa nguvu ya kipashio hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, wati 2,500 zikawa chini ya 1,900. Maji yalitokota kivivu kama supu ya mgonjwa. Sasa ninaanza saa mbili asubuhi, na mapishi mazima hula uniti tano hivi za luku.

Kuna jambo la hatari ambalo muuzaji hakulisema. Plagi ya mtambo wangu ilikuwa ya pini mbili za duara, na nilitumia kibadilishio kidogo cha plastiki kinachouzwa kila duka. Mtambo huu huvuta karibu ampea 11 kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, na kibadilishio kile kiliyeyuka katika mapishi ya kwanza, kikaacha doa jeusi ukutani. Mwite fundi umeme akufungie plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 na waya wa ardhi kabla hujauwasha hata mara moja, na usiuchomeke katika waya mwembamba wa kurefusha.

Sasa nifike kwenye baridi, ambako ndiko fedha zangu zilikopotea.

Koili iliyokuja na seti ni bomba la chuma lililozungushwa, ambalo huzamishwa ndani ya maji matamu yanayochemka, na maji ya bomba hupitishwa ndani yake ili yaondoke na joto. Maelekezo yanaahidi kushuka hadi nyuzi 20 kwa dakika 25. Ahadi hiyo ni ya kweli mahali ambapo maji ya bomba yana nyuzi 12. Ya kwangu, katika mapishi ya kwanza, yalitoka na nyuzi 28, na hakuna koili duniani inayoweza kupoza kitu kikawa baridi kuliko maji yanayopita ndani yake. Baada ya dakika 40 na karibu lita 100 za maji nilikuwa nimesimama kwenye nyuzi 33, na sikusogea tena. Hamira ya Kiingereza iliyokuwa ndani ya seti hutaka nyuzi 18 hadi 20. Nikaitia hivyohivyo, ndoo ikakaa chumbani kwenye nyuzi 30, na kwa siku mbili ilichacha kwa fujo hadi povu likapita kwenye kizibo. Bia iliyotoka ilinukia ndizi zilizopitiliza na rangi ya kucha, na glasi moja ilitosha kuniachia kichwa kizito asubuhi. Hamira ikifanya kazi katika joto lisilo lake hutoa vileo vizito na harufu za namna hiyo, na hakuna muda wa kungoja unaoziondoa zote.

Kwa mapishi ya tatu nilikwenda soko la samaki la Deep Sea nikanunua barafu kilo 10, nikaiweka katika beseni la maji, na kwa pampu ya mtambo, baada ya kuisafisha, nikayazungusha maji ya beseni ndani ya koili pindi bomba lilipofika mwisho wa uwezo wake. Njia hii inafanya kazi: nilifika nyuzi 21. Barafu ile isiguse bia yenyewe, maana imetengenezwa kwa ajili ya changu na kibua, si kwa kinywa cha mtu. Lakini kupoza siku ya kwanza ni nusu tu ya safari, kwa kuwa hamira hutoa joto lake inapofanya kazi na chumba hakikusaidii. Niliiweka ndoo ndani ya beseni la maji, nikaifunika kwa kitambaa kilicholowa, kwa hesabu ileile ya mtungi wa maji wa udongo. Lakini mtungi hupoza vizuri penye hewa kavu, na hewa ya Tanga wakati wa kaskazi imejaa maji hadi pomoni. Nilipata nafuu ya nyuzi mbili. Bia ya tatu ilinyweka, na hilo tu ndilo naweza kusema juu yake.

Kilichonitoa katika mateso hayo hakikuwa ndani ya boksi na kilinigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo. Katika mashamba ya magharibi mwa Norway wakulima wamerithishana kwa vizazi hamira wanayoiita kveik, ambayo badala ya kuchukia joto hulipenda. Aina ya Voss siku hizi hukaushwa na kuuzwa katika pakiti, na joto lake zuri ni kati ya nyuzi 35 na 40. Ni kichekesho kwamba nchi ya theluji ndiyo iliyotunza hamira inayoifaa Tanga. Katika mapishi ya nne niliyapoza maji matamu hadi nyuzi 35 tu kwa bomba la kawaida, nikatia hamira hiyo, nikaifunga ndoo kwa blanketi na kuiweka chumba chenye joto kuliko vyote, chini ya paa la bati. Siku ya nne haidromita ilikuwa imeshuka kutoka 1.047 hadi 1.011 na haikusogea tena, maana yake kileo cha asilimia 4.7 hivi. Harufu ya aina ya Voss hufananishwa na maganda ya machungwa, nami niliyekulia kwenye machungwa ya Muheza nilidhani kwanza ni maneno ya biashara. Nilipoionja nilinyamaza.

Mapishi ya tano yaliifanya koili isiwe na kazi kabisa. Wapo wapishi wa Australia, ambako maji nayo ni haba, wanaoyamimina maji matamu yakiwa bado ya moto mno ndani ya dumu gumu la plastiki ya vyakula, lile lenye alama ya namba 2 ndani ya pembetatu, wanalikamua hewa, wanalifunga na kuliacha lipoe lenyewe. Nilifanya hivyo jioni, na asubuhi dumu lilikuwa kwenye nyuzi 34, tayari kwa kveik, bila kutumia hata ndoo moja ya maji ya kupozea. Yakumbukwe mawili: hopsi za mwisho ziwekwe pungufu, kwa sababu zinaendelea kutoa uchungu ndani ya dumu lenye moto, na hamira itiwe kesho yake, wala dumu lisiachwe limefungwa juma zima, maana maji matamu yasiyo na hamira ni makao mazuri ya vijidudu vibaya.

Juu ya maji nitasema kidogo. Ya bomba, ambayo hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanafaa bia nyeupe ya kawaida ikiwa utayaacha usiku kucha katika ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue; usipofanya hivyo bia inaweza kunukia bendeji ya hospitali. Maji ya kisima yananitia shaka, kwa kuwa chini ya miguu yetu kuna mawe ya chokaa, kama mapango ya Amboni yanavyoonyesha, na maji yaliyopita katika chokaa hupandisha pH (kipimo cha asidi) ya kimea juu ya 5.2 hadi 5.6 inayotakiwa. Ukiwa na kisima tu, pika bia nyeusi, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina asidi yake ya kusawazisha. Watu wa Dublin, mji wa Ireland wenye sifa ya bia nyeusi, walijikuta katika hali hiyohiyo.

Ndoo ya kuchachushia ni nzuri na haivuji. Haidromita imepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwa maji ya nyuzi 30 ongeza pointi mbili hadi tatu kwenye namba ya mwisho. Chupa na kifaa cha kufungia vizibo havimo katika seti. Mimi hutumia chupa za kahawia zilizokwisha kunywewa, nusu lita kila moja, na sukari gramu 6 kwa lita. Usizidishe sukari hiyo, na usifunge chupa kabla haidromita haijatulia siku mbili, kwa kuwa katika joto letu chupa iliyofungwa mapema hupasuka usiku.

Swali la haki ni kama kazi yote hii ingeweza kufanyika bila mtambo. Ili nisiseme kwa kubuni, nilipika mara ya sita nje yake kabisa. Nilikodi sufuria ya shughuli, ya alumini, yenye ukubwa wa lita 50, nikaiweka juu ya jiko la gesi, na badala ya kikapu nikashona mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, mpana kama sufuria yenyewe: kifumbu cha kuchujia tui, ila cha saizi ya jitu. Kitambaa kisiwe cha chandarua, kwa kuwa vyandarua vingi vimetiwa dawa ya mbu. Maji lita 27 yalifika nyuzi 70, nikatia kimea, joto likashuka hadi 67, nikazima gesi na kuizungushia sufuria mablanketi mawili. Baada ya saa moja ilikuwa kwenye 65. Niliuinua mfuko, nikaukamua, na haidromita ikaniambia 1.045. Tofauti ya pointi mbili au tatu kati ya sufuria ya kukodi na mtambo wa shilingi milioni 1.4 ni jambo ambalo nimelitafakari kwa uchungu, na ninalieleza hapa ili mwenzangu alitafakari kabla ya kulipa. Tena kwa mfuko hata unga wa mashine ya nyundo, ukichanganywa nusu kwa nusu na punje zilizovunjwa, hupita bila kukwama, na umeme ukikatika hujali.

Kwa hiyo nautunuku mtambo nyota tatu kati ya tano. Unamfaa mtu mwenye umeme wa kuaminika, mwenye mgongo usiopenda kuinua mfuko wa kilo 8 za kimea kilicholowa, au anayepika kila juma na anataka kila pishi lifanane na lililopita. Kwa anayeanza hapa Tanga, ningesema akodi sufuria, ashone mfuko, anunue kipimajoto kizuri, haidromita, kinu cha mkono na pakiti tatu za kveik, na fedha itakayobaki aiweke kwa ajili ya friji la mtumba na kile kifaa kidogo cha kudhibiti joto kinachochomekwa kati yake na soketi, siku atakapotaka kuchachusha kwa nyuzi 12 bia nyeupe ya namna ya Plzeň, mji wa Ucheki, ambayo kveik haiwezi kuiiga.

Mpira wa koki ya chini ulianza kudondosha katika mapishi ya nne. Fundi wa friji alinikatia mwingine wa silikoni kwa bei ya soda, na hadi leo haujavuja. Pakiti nyingine ya hamira ya Kiingereza bado iko ndani ya friji, nyuma ya jagi la maji. Nitaitoa Julai, kusi ikiwa imekolea na usiku umeshuka hadi nyuzi 21.